Karatasi Inayotangulia Kamera

Walimu wangu, ndugu zangu wapiga picha, na nyinyi maafisa wa mawasiliano mliotoka mabenki, mahoteli, mashirika ya umma na jumuiya za wakulima, nitazungumza juu ya kazi ambayo wengi huimaliza kwa simu ya dakika tano: kumwandikia mpiga picha maelekezo kabla hajaja kupiga picha za shirika. Naamini ndani ya karatasi hiyo ndimo huamuliwa kama anayeonekana pichani atakuwa mtu au pambo. Kamera ikishafunguliwa, uamuzi huo umeshapita.

Mji wetu wa Zanzibar una haki ya kulisemea jambo hili, kwa sababu kamera ilifika Unguja mapema. Msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, uliozunguka pwani hii kati ya 1846 na 1848, ulikuja na mtambo wa daguerreotype, ule wa kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, miaka michache tu baada ya mtambo wenyewe kutangazwa Paris mwaka 1839. Mwaka 1860 mpelelezi James Augustus Grant alipiga picha mjini hapa kabla ya kuvuka kwenda bara pamoja na mpelelezi mwenzake Speke. Kisha zikaja studio za Wagoa: A. C. Gomes, de Lord, ndugu wa Coutinho. Na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe Rohit, na ambayo wengi wenu mmepita mlangoni mwake katika barabara ya Kenyatta.

Sasa zitazameni kadi za posta zilizotoka katika studio zile za mwanzo, zilizouzwa kwa abiria wa meli waliokuwa wakiteremka mjini kwa saa chache. Akiwa ni Sultani au balozi, chini ya picha kuna jina na cheo. Akiwa ni mwanamke aliyevaa leso nzuri, amesuka nywele na kuweka mkono kiunoni, chini yake pameandikwa kabila lake, au kazi yake, au neno la kuusifu uzuri wake. Jina hamna. Wachukuzi ni wachukuzi, muuza kahawa ni muuza kahawa. Watu hao walikuwa na majina, walikuwa na mitaa, walikuwa na watoto. Leo wajukuu wao wanaweza kuwa wanauziwa sura ya bibi yao katika maduka ya mtaa wa Gizenga na wasimjue.

Nani wa kulaumiwa? Ni rahisi kumtupia lawama mpiga picha. Mimi namtazama mnunuzi. Kadi zile zilitengenezwa kwa mtu ambaye asingeuliza jina, na kwa kuwa hakuna aliyeliuliza, halikuandikwa. Lakini nenda kwenye upande wa pili wa kazi ya studio hizo hizo, na baadaye ya Capital Art Studio: watu wa mjini waliokuja kupigwa picha kwa hiari yao. Familia imevaa nguo za Idi. Bwana harusi na kilemba chake. Marafiki wawili wameshikana mikono. Hapo aliyelipa ndiye aliyepigwa picha, na ndiye aliyekwenda nayo nyumbani. Alichagua nguo, alichagua nani akae ubavuni mwake, na kama picha haikumpendeza alisema. Anayelipa, anayeonekana na anayebaki na picha ni mtu mmoja.

Katika kadi ya posta hao ni watu watatu tofauti, na wale wawili hawamjui wa tatu. Hapo ndipo picha za mashirika zinapoingia. Benki inapompiga picha mteja wake wa sokoni Darajani, hoteli inapompiga picha mpishi wake, mfadhili anapompiga picha mkulima, anayelipa si anayeonekana, na anayeonekana hana sauti juu ya picha itakwenda wapi. Kwa umbo lake, kazi hii ni ndugu wa kadi ya posta. Maelekezo mazuri ndiyo njia pekee niijuayo ya kuisogeza karibu na ile picha ya Idi.

Tuchukue mfano, tuujenge pamoja. Tuseme kuna kampuni ya kununua na kusindika mwani. Ofisi yake iko Shangani, wakulima wake wako Paje na Jambiani. Inataka picha za ripoti ya mwaka, za tovuti, na za bango moja kubwa pale uwanja wa ndege. Mkurugenzi anasema: tupigieni picha nzuri za kisasa, zinazoonyesha uhalisia wa Zanzibar. Hayo si maelekezo. Ni sawa na kumpelekea fundi kitambaa cha kanzu bila kumwambia itavaliwa na nani. Fundi atashona, na atashona kwa kipimo cha mtu wa mwisho aliyemshonea. Mpiga picha asiyeelekezwa atawapiga watu wenu kwa kipimo cha picha za mwisho alizoziona, na picha hizo ni mashua wakati wa magharibi, mlango wa kuchonga, na mwanamke mwenye ndoo kichwani.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza katika karatasi iseme picha itafanya kazi gani na nani ataisoma. Mwekezaji anayefungua ripoti anataka kuona mizani, ghala kavu, magunia yaliyofungwa vyema. Mkulima wa Jambiani atakayeiona picha hiyo hiyo katika kalenda ya kampuni anataka kuona kama kampuni inajua kazi yake ilivyo. Bango linahitaji picha ya mlalo yenye nafasi tupu ya kuwekea maandishi; simu inahitaji ya wima. Haya ya vipimo yanaandikika kwa mistari mitatu, na mpiga picha yeyote mzoefu atayauliza mwenyewe, kwa hiyo sitayakalia.

Nitakalia bahari, kwa sababu hapo ndipo karatasi nyingi zinazoandikwa ofisini huvunjika.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wakulima, wengi wao wanawake, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi, na mwani hukaa baharini kiasi cha wiki sita kabla ya kuvunwa. Kazi yenyewe hufanyika maji yakipwa, na hasa wakati wa bamvua, siku zile za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu bahari haitoki vya kutosha, na shambani hakuna wa kumpiga picha. Kila mtoto wa Paje anajua hayo. Karatasi ya Shangani mara nyingi haijui, inaandika tu: Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, mwanga mzuri.

Na hapa kuna mgongano ambao mwandishi wa maelekezo lazima auamue yeye. Mpiga picha anapenda mwanga wa alfajiri na wa alasiri, jua likiwa chini. Sisi tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta; jua letu hupanda wima, na mwanga ule laini hauchukui hata saa nzima. Lakini katika Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na tena saa nne usiku. Yaani wakulima wakiwa wengi shambani, jua limeshapanda na limeshakuwa kali. Alfajiri ile ya dhahabu, bahari bado iko juu. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa siku hizo.

Wapo wanaoutatua mgongano huu kwa kuwaomba akina mama wajipange ufukweni asubuhi na mapema, washike mwani uliokwishavunwa, watabasamu. Mwanga unakuwa mzuri. Lakini kila mkulima atakayeiona picha hiyo atajua kwamba hakuna kazi inayofanyika pale. Mimi ningeandika katika karatasi: tunachagua kazi, tunaacha dhahabu. Mpiga picha aje saa mbili, afuate maji yanavyotoka, apige hadi saa tano. Jua kali lina faida zake pia: maji ya chini yanang'aa hadi mchanga unaonekana, kamba zinachora mistari, na vivuli vya watu vinakuwa vifupi na vyeusi. Mpiga picha hodari akielezwa mapema atajiandaa kwa hali hiyo. Asiyeelezwa atafika, atanung'unika, na atawasogeza watu kivulini.

Tarehe basi ipangwe kwa jedwali la maji, pamoja na maneno ya mkulima mwenyewe, na iachwe nafasi ya siku moja mbele, kwani maji huchelewa kiasi cha dakika hamsini kila siku. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msipange kazi ya siku moja tu. Ramadhani ina mwendo wake. Ijumaa, adhuhuri, msimwekee mtu miadi.

Mkirudi mjini, sheria ya mwanga inageuka. Katika vichochoro vya Kiponda na Hurumzi nyumba za mawe na chokaa zimesimama ghorofa mbili na tatu, na njia kati yake wakati mwingine haimtoshi mtu na baiskeli. Alfajiri huko chini ni giza. Mwanga huingia jua likiwa juu, hupiga ukuta mweupe wa upande mmoja, hurudi ukutani mwa pili, na kumfikia aliyekaa barazani ukiwa umelainika. Saa tano, saa sita, wakati ambao vitabu vya upigaji picha vinakataza, ndio wakati wa kichochoro. Kwa hiyo ratiba ya kampuni yetu ingefaa iweke picha za watu wa ofisini, wahasibu, madereva, mkurugenzi mwenyewe, mchana wa siku nyingine katika vivuli hivyo, na wasikae mbele ya milango ya watu.

Niseme neno juu ya milango. Mlango wa Zanzibar umekuwa ukuta wa nyuma wa kila picha ya kila kampuni. Nyuma ya mlango huo kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna watu wanaotaka kutoka kwenda sokoni na hawawezi kwa sababu meneja mmoja amekunja mikono mbele ya kizingiti chao. Kama mlango una uhusiano na kampuni, upigeni. Kama hauna, uacheni ufunguke.

Na nendeni mkaone mahali kabla ya kuandika jina la mahali. Zipo karatasi zinazoomba picha yenye Beit al-Ajaib nyuma na mnara wake wa saa. Jumba hilo, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara tarehe 25 Disemba 2020, na watu walipoteza maisha. Kuomba mnara ule kama pambo la tangazo ni kuonyesha kwamba mwandishi ameuona mji katika picha za zamani tu. Mwendo mfupi kutoka Shangani hadi Forodhani ungemwambia. Mwendo huo huo ungemwambia wapi pana ulinzi, wapi pana kibali cha kuombwa, na kwamba sehemu za bandari na majengo ya vikosi hayapigwi picha kwa kubahatisha. Anayetaka kurusha ndege ndogo isiyo na rubani aanze na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wiki kadhaa kabla.

Sasa watu. Shehani ndiko kwa kuanzia. Gari la kampuni likiingia kijijini na kamera nne kabla sheha, kiongozi wa mahali hapo, hajaambiwa, kila uso utakaoonekana pichani utakuwa uso wa mtu aliyeshtukizwa. Karatasi itaje nani atakwenda kwa sheha, lini, na atasema nini. Kisha kila atakayepigwa picha aelezwe kwa Kiswahili, kwa maneno ya kawaida, picha itakwenda wapi: kwenye kitabu cha wenye hisa, kwenye simu za watu duniani kote, kwenye bango la uwanja wa ndege ambapo shemeji yake atampita. Mwanamke anaweza kukubali kitabu na kukataa bango. Anaweza kukubali mikono yake ipigwe na uso usipigwe. Anaweza kukubali leo na kukataa kesho baada ya kuzungumza nyumbani. Karatasi iwe na nafasi ya majibu hayo yote, na anayekataa asiulizwe mara ya pili mbele ya wenzake wala na ofisa anayemnunulia mwani wake. Hili la mwisho nalisisitiza. Anapoombwa ridhaa na mtu aliyeshika mizani, hawezi kukataa kwa uhuru. Mpeni kazi hiyo mtu mwingine.

Sheria nayo imeshafika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatulazimu kufikiri kwamba sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini fomu iliyotiwa saini na mtu asiyejua amesaini nini ni ulinzi wa kampuni peke yake. Msomeeni fomu kwa sauti. Mwachieni nakala.

Na mlipe. Muda wa maji kupwa ni mchache, na kila nusu saa ambayo mkulima anasimama kugeuza uso kwa ajili ya kamera ni kamba ambazo hakuzifunga. Kampuni inayolipa studio, inayolipa gari na chakula cha wapiga picha, haiwezi kusema fungu limekwisha inapofika kwake. Kiasi kiandikwe katika karatasi, kilingane kwa wote, na kilipwe siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la kiufundi ambalo ni jambo la heshima pia. Kwa miongo mingi filamu na maabara za Kodak zilipimwa rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley, na matokeo yake ngozi nyeusi ikatoka kama doa katika picha za pamoja. Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi, ila bado mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe kwenye mchanga mweupe, saa nne asubuhi, ataonekana kiza iwapo mpiga picha ataiachia kamera iamue yenyewe. Andikeni wazi: mwanga upimwe usoni. Kanzu ikipoteza mikunjo yake kidogo, tutavumilia. Macho ya mtu tusiyapoteze. Na katika kusafisha picha baadaye, ngozi isipaushwe.

Hakimiliki nitaipitia haraka kwa sababu kanuni yake ni fupi: msiache chochote cha kudhania. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na ofisi ya hakimiliki, COSOZA, ipo kwa wanaotaka kuuliza. Karatasi iseme nani anamiliki picha, kampuni itazitumia kwa miaka mingapi na wapi, na kama mpiga picha anaruhusiwa kuziuza kwa mwingine. Kwa hili la mwisho, ikiwa ndani ya picha kuna watu, jibu langu ni hapana. Mama wa Paje aliridhia kampuni anayoijua. Hakuridhia kuwa sura ya makala ya umaskini katika gazeti la mbali, na picha ikishaingia katika maghala ya picha za kuuza, hapo ndipo anapopotezwa jina kama yule bibi wa kadi ya posta.

Nimalizie na kifungu ambacho ningependa kila mmoja wenu akiongeze katika karatasi yake ijayo, kwa sababu gharama yake ni ndogo na sijakiona mara nyingi. Mteueni mtu mmoja, si mpiga picha, ambaye kazi yake ya siku nzima ni daftari. Picha inapopigwa anaandika namba yake, jina kamili la kila anayeonekana kama yeye mwenyewe anavyolitaka liandikwe, kijiji chake, alichokuwa anafanya, na alichoridhia. Daftari hilo linakabidhiwa pamoja na picha, na mpiga picha halipwi malipo ya mwisho hadi limekamilika. Maelezo hayo yanaingizwa ndani ya faili za picha zenyewe ili yasafiri nazo. Na ndani ya mwezi mmoja picha zilizochapwa kwenye karatasi nzuri, moja kwa kila aliyepigwa, zinapelekwa kijijini, anapewa mwenyewe mkononi, na daftari linatiwa alama kwamba amepokea. Fungu la kuchapa liwekwe tangu mwanzo, katika mstari ule ule wa bajeti ya kamera. Nipo tayari kwa maswali, na nina nakala za karatasi ya mfano hapa mezani kwa wanaotaka kuichukua.